Shavu la Kushoto

Kaltham aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, akamtazama Tahani akijipaka nusu uso.

"Ijaribuni hivi," Tahani alikuwa akiwaambia watazamaji wake. "Upande mmoja krimu mpya, upande wa pili ile mliyoizoea. Zungukeni nazo mpaka adhuhuri. Uso wenyewe utasema."

Aliyasema kwa Kiarabu cha Nizwa, lakini Kaltham aliyasikia kwa Kiswahili, kwa kuwa kwa Kiswahili ndivyo yalivyosemwa kwanza. Yeye ndiye aliyeyasema, ndani ya jiko hili hili la Ibra, miaka ile Wijdan alipokuwa akisoma chuo Nizwa na kurudi nyumbani kila Alkhamisi pamoja na rafiki yake, msichana mwembamba aliyekula samaki wa nazi kimya kimya, akimwita khale, kama dada wa mama yake, na kuuliza maswali. Khale, kwa nini nusu? Khale, kwa nini mpaka adhuhuri? Kaltham alimjibu yote. Hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote, na alijikuta akifunguka kama dirisha la chumba kilichokaa bila wageni. Sasa yule msichana alikuwa na taa ya mviringo inayowaka ndani ya mboni za macho yake, na wanawake kutoka Sohar mpaka Salala walimsikiliza, na jina la Kaltham halikutajwa popote.

Chapati ikaungua.

"Khale, moshi!" Wijdan aliingia mbio, akaing'oa chapati kwenye chuma kwa ncha za vidole na kuitupa kwenye beseni. Kisha akaiona simu. "Aa. Umemwona."

"Nimemwona."

Wijdan alikuwa mtoto wa Maulida, dada yake Kaltham. Maulida alipata kazi wizarani Maskati wakati Wijdan hajaota meno, na mtoto akabaki Ibra kwa khale yake, ambaye ndoa yake ilikuwa imekwisha bila mtoto. Homa, kusuka nywele, kumsomesha Alhamdu, kumsubiri mlangoni arudi skuli, yote hayo yalikuwa ya Kaltham. Vyeti vilipelekwa Maskati. Sasa Wijdan alikuwa anaolewa Sur, ng'ambo ya khori, ule mkono wa bahari, mtaa wa Aija, na katika harusi ile nzima Kaltham alitaka jambo moja tu: ampambe yeye, kwa mkono wake. Hakulitamka. Aliona kulitamka ni kama kuomba ruhusa ya kuingia nyumbani kwake mwenyewe.

"Nna jambo nataka kukwambia," Wijdan alisema, "na usinune."

"Mimi nikanuna lini?"

"Umeshanuna." Wijdan akavuta kiti. "Nimefikiri Tahani ndiye anipambe."

Kaltham alichukua donge jingine la unga akalisukuma. Alilisukuma mpaka likawa jembamba kiasi cha kuona ubao chini yake.

"Khale."

"Nakusikia."

"Si kwamba wewe hujui. Ila yeye ana hii krimu yake, anaiagiza mwenyewe. Rangi yetu hasa, haimwachi mtu kama aliyeanguka kwenye gunia la unga. Na wanasema haitoki."

"Bei?"

Wijdan akaitaja.

"Hiyo krimu au mahari?"

Wijdan alicheka, akatoa chupa ndogo ya kioo kwenye mkoba na kuiweka juu ya meza, katikati ya unga. "Basi ijaribu wewe. Ukisema haifai bei yake, simtaki yeye wala chupa yake, utanipamba wewe. Mimi nafuata neno lako. Nani Ibra hafuati neno lako?"

Ni kweli. Kila Jumatano, kwenye soko la wanawake ambalo mwanamume haingii, Kaltham alitandika mkeka wake na kupanga wanja, poda, maji ya waridi na vikopo vya krimu. Lakini watu hawakumwendea kwa ajili ya vikopo tu. Walikwenda na vitu walivyovinunua kwengine, Maskati, Dubai, kwenye simu, wakamwekea mkononi: Kaltham, hebu tujaribie. Naye alivijaribu usoni mwake, nusu kwa nusu, kuanzia baada ya swala ya alfajiri mpaka maji ya udhu wa adhuhuri yalipokuja kuosha yote. Alijitia kwenye mvuke wa chungu, akainama juu ya chetezo cha udi, akaota jua. Kisha akasema "inafaa" au "haifai". Hakupamba maneno. Wanawake waliokuwa na shahada za chuo na wale wasiojua kusoma wote waliliamini neno lile, kwa sababu halijapata kuwaingiza hasara. Hata krimu aliyoiuza mwenyewe, ile ya kikopo cha buluu, aliwaambia wazi: si ya ajabu, lakini bei yake na kazi yake ni sawasawa.

Jumatano ile alijipaka mbele ya kioo cha kabati, dirisha likiwa wazi. Upande wa kulia aliupa krimu yake ya kikopo cha buluu, na aliupaka kwa subira, kidogo kidogo, kama anayemvisha mtoto nguo ya Idi. Upande wa kushoto alipaka ya Tahani, akaipigapiga na sponji mara chache na kuiacha. Alijua anachokifanya. Alijiambia kwamba kitu kizuri hakihitaji kubembelezwa.

Sokoni mwanzo wa asubuhi kulikuwa na harufu ya karafuu, vitambaa vipya na jasho la watu waliotembea. Wanawake walikuwa wameshavua barakoa zao na kuziweka mapajani. Jirani yake kwenye mkeka wa pili alikuwa Bimdogo, mzee wa udi na mafuta mazuri, aliyeletwa kutoka Unguja akiwa msichana na ambaye ulimi wake haukupata kuzeeka.

"Haya, leo umejipaka nini na nini?" Bimdogo aliuliza.

"Chagueni kwanza. Nitasema baadaye."

Bimdogo akavaa miwani. Akamshika Kaltham kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayetaka kununua mbuzi. Wengine wakasogea. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya ukuta na kupiga mashavu yote mawili bila upendeleo.

"Huyu wa kulia," Bimdogo alisema, "ni Kaltham ninayemjua. Huyu wa kushoto ni mdogo wake, bado hajaposwa."

Wakacheka mpaka mwanamke wa duka la viatu akaja kutazama.

"Mimi namposea kaka yangu huyo wa kushoto!" mmoja akasema.

"Na huyu wa kulia?"

"Huyu abaki alinde nyumba."

"Lakini kweli," akasema mwengine, akiwa ameinama karibu sana, pumzi zake zikinuka iliki, "kushoto huoni hata kama kuna kitu. Ngozi tu. Ipi ni ipi, Kaltham? Tuambie."

Kaltham aliwatazama. Nyuso zilikuwa zinamngojea, kama zilivyomngojea kila Jumatano kwa miaka, na kati ya nyuso zile aliuona uso mmoja ambao haukuwapo, wenye taa mbili za mviringo ndani ya mboni za macho.

"Kushoto ndiyo yangu," alisema. "Hii hii ya kikopo cha buluu."

"Wallahi?"

"Na ya kulia ni ya yule wa kwenye simu. Mnaiona wenyewe. Haifai bei yake."

Lilitoka jepesi kuliko maneno yote aliyopata kuyasema pale. Wanawake wakapiga vigelegele vya mzaha, wakaanza kunyang'anyana vikopo vya buluu, na kabla jua halijawa kali mkeka wake ulikuwa mtupu. Hata Bimdogo alichukua kimoja. Alikigeuza mkononi.

"Miaka yote hii naipaka na mimi," alisema. "Mbona uso wangu haujapata kuwa hivyo?"

"Uso wako una mambo yake."

"Unayo," Bimdogo alikubali, akamtazama Kaltham muda mrefu kidogo kuliko ulivyohitaji mzaha ule.

Mchana, kwenye bomba la uani, Kaltham alitia udhu. Upande wa kulia ukachuruzika mara moja, maji yakawa ya rangi ya chai. Upande wa kushoto ulitoka taratibu, kwa adabu, bila kuacha doa kwenye taulo. Akasimama pale maji yakimdondoka kidevuni. Hata kwa namna ya kuondoka, ile chupa ilikuwa bora kuliko yake.

Wijdan alishapata habari kabla khale yake hajarudi. Ibra nzima ilikuwa na habari. "Basi yamekwisha," alisema, akambusu Kaltham kichwani. "Nimeshamwambia Tahani asije. Sikiliza alivyonijibu, masikini."

Sauti ya Tahani ikatoka kwenye simu, nyepesi, kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota kwa bibi yake: "Hamna shida, habibti. Kama Khale Kaltham amesema, mimi nasema nini? Yeye ndiye mwalimu yangu. Mpe salamu nyingi."

Kaltham aliomba aisikie tena. Kisha akasema amechoka, akaenda kulala bila kulala. Neno lile alilolingoja, mwalimu wangu, hatimaye lilikuwa limesemwa, kwa siri, na msichana aliyekuwa amemwibia kazi. Angelisema mbele ya wale watu wake wote, Kaltham aliwaza, labda nisingelifanya. Kisha akawaza: ningelifanya vile vile. Wivu wake haukuwa wa makelele. Ulikuwa kama kokwa ya tende iliyomezwa kwa bahati mbaya, haiumi, lakini mtu anajua ilipo. Alimhusudu Tahani vidole. Alimhusudu umri, ile taa, na namna alivyoomba salamu zifikishwe. Zaidi ya yote alimhusudu ile Alkhamisi ya mwanzo, Wijdan aliposhuka garini akicheka na kusema, khale, nimekuletea rafiki yangu, na kicheko kile hakikuwa kimepatikana ndani ya nyumba ile.

Siku chache kabla ya harusi, Maulida alikuja na gari kutoka Maskati ili waende Aija kupeleka masanduku ya bi harusi. Ilikuwa Agosti. Kaltham aliamka mapema, akakaa mbele ya kioo, akapaka nusu kwa nusu tena. Kulia yake, kushoto ya Tahani. Hakuna aliyemwomba. Alitaka jambo moja: joto la Sur liivunje ile krimu. Ikivunjika huko, ambako harusi yenyewe itakuwa, basi alilolisema sokoni litakuwa halikuwa uongo bali ukweli uliotangulia wakati wake. Njia nzima alikaa mtandio ukiwa chini ya macho, akiomba kimoyomoyo uso wake mwenyewe uharibike.

"Umekuwaje leo?" Maulida alimwuliza. "Umejifunika kama bi harusi ni wewe."

"Jua."

"Jua liko upande wangu."

Nyumba ya Shukriya, mama yake bwana harusi, ilikuwa nyumba kongwe ya wafanyabiashara wa zamani, yenye milango iliyochongwa na ngazi za juu sana. Walipofika ghorofani na masanduku, kanzu ilikuwa imeshamganda Kaltham mgongoni. Hewa ya pale haikuwa hewa, ilikuwa taulo lililochovywa maji ya moto. Kiyoyozi kilivuma kwenye chumba kimoja tu na wao hawakuwamo chumba hicho. Wakala halwa, wakanywa kahawa. Chetezo kikazungushwa, kila mwanamke akakishika chini ya kidevu, akaingiza moshi ndani ya mtandio. Kaltham naye akakipokea na kuinama juu yake kwa muda mrefu. Shavu la kushoto ndilo alilolipa moshi.

Aliponyanyua uso, Shukriya alikuwa anamtazama.

"Mwenzangu," Shukriya alisema, "umelia kwa jicho moja?"

Wanawake wakageuka. Kicheko kikapasuka.

"Mtoto unatupa sisi, tunajua inauma," Shukriya akaendelea, akimpigapiga goti, "lakini lia kwa yote mawili, usione haya!"

Kaltham alicheka nao. Akaomba kuonyeshwa choo.

Kwenye kioo kidogo juu ya sinki alijiona. Upande wa kulia ulikuwa umekatika kwenye mkunjo wa tabasamu, ukashuka kwa mifereji mpaka taya, ukakusanyika pale na kuchafua ukosi. Upande wa kushoto ulikuwa vile ulivyotoka Ibra. Kama ngozi tu, kama alivyosema yule mwanamke wa pumzi za iliki.

Alikaa ukingoni mwa beseni. Alikuwa amepamba maharusi wengi kuliko anavyoweza kukumbuka, na wote walikuwa wa Ibra, wa Mudhaibi, wa vijiji vya bara, ambako hewa ni kavu hata kivumbi kikimkaa mtu usoni hakitoki mpaka akioshe. Hakuwahi kumpamba hata mmoja pwani. Sifa yake yote, aliona sasa, nusu yake ilikuwa sifa ya hewa ya Ibra. Na Wijdan angeketi kwenye kiti cha harusi hapa, chini ya taa, mbele ya wanawake wa Aija na simu zao, na mifereji ile ingeshuka kwenye shavu lake.

Akalifuta shavu la kulia kwa maji na kitambaa. La kushoto hakuligusa, na hakujua kwa nini.

Njia ya kurudi alipanga. Chupa ya Tahani bado alikuwa nayo, karibu nzima. Atampaka Wijdan ile ile, atasema ni ya kikopo cha buluu, na hakuna atakayejua. Mpaka wanapita Kamil alikuwa ameshaamua hivyo, na alikuwa karibu kuwa na furaha.

Wijdan aliwangojea jikoni na chai. Alipomwona khale yake alimsogeza chini ya taa, akamtazama shavu la kushoto.

"Hii ndiyo yako, siyo? Ile ya kushoto? Khale! Imekwenda Sur na kurudi!" Akamkumbatia. "Mimi nilikuwa na wasiwasi, wallahi, sikutaka kukwambia. Na wala sikukaa bure. Nimewaandikia wasichana wote wa chuo kuwa krimu ya Tahani ni wizi, khale yangu ameijaribu. Nao wamewapelekea wengine. Mpaka Salala wanasema: Kaltham wa Ibra kasema haifai. Umekuwa mashuhuri!"

Maulida alikuwa anamimina chai. "Jina lako limefika mbali," alisema, kwa sauti isiyo na baridi wala moto.

Kaltham alikuwa amelitaka hilo. Alikuwa amelitaka kila mara alipoiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Jina lake lilikuwa limesafiri njia ile ile ya Tahani, likapita majumba ambayo hatayaona, na kitu pekee lilichobeba kilikuwa uongo wake.

"Waandikie tena," alisema.

"Niwaandikie nini?"

"Kushoto ni ya Tahani."

Wijdan alicheka kwanza. "Unasema kulia."

"Kushoto. Leo, na Jumatano ile. Yangu imechuruzika Aija mpaka Shukriya kaniuliza kama nimelia kwa jicho moja. Muulize mama yako."

Maulida akaweka birika chini. "Aliuliza," alisema taratibu.

"Ulidanganya soko zima?" Wijdan aliuliza. "Wewe?"

"Nilitaka nikupambe mimi."

"Si ungesema!"

"Ningesema, ungenijibu nini?"

Wijdan alisukuma kikombe chake kando. Alikuwa mtoto aliyelelewa na mtu asiyepamba maneno, na alikuwa amejifunza vizuri.

"Ningesema hapana, khale," alisema, na machozi yakamjaa. "Ningesema hapana. Lakini ungesema."

Akatoka. Walimsikia chumbani akifungua na kufunga mtoto wa meza bila sababu.

Simu kwa Tahani Kaltham aliipiga mwenyewe, amesimama uani. Alieleza kwa ufupi.

"Khale," Tahani alisema, na sauti yake haikuwa nyepesi tena. "Watu wamenirudishia chupa. Hii kitu ndiyo kula yangu."

"Najua. Njoo umpambe. Nakuomba."

"Nitakuja. Lakini wale wanawake wa Jumatano, waambie wewe. Kwa mdomo yako."

"Nitawaambia. Na wewe waambie watu wako nusu uso umeitoa wapi."

"Nilidhani unajua kuwa nakushukuru."

"Kwa siri, ndiyo. Nilijua kwa siri."

"Haya," Tahani alisema. "Haya, khale."

Jumatano Kaltham hakutandika vikopo. Alitandika mkeka, akaketi, na walipokusanyika akawaambia: kushoto ilikuwa ya Tahani, nilisema uongo, anayetaka fedha yake arudishe kikopo. Hakueleza sababu na hawakumwuliza, na hilo lilimuuma kuliko kuulizwa, kwa maana walikuwa wanaijua. Vikopo vikaanza kurudi, kimoja kimoja, vingine vimeshaguswa. Bimdogo hakurudisha chake.

"Nilijua," alisema. "Uso wangu ulinambia siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Mimi nna mafuta ya kuuza." Akasogeza mkeka wake kidogo, akampa nafasi kivulini. Lakini wasichana wawili waliokuja na chupa ya kujaribiwa walisimama, wakanong'ona, wakaenda zao nayo.

Naye Tahani alitimiza ahadi yake, kwa namna yake. Wakati wa kuonyesha nusu uso alisema, akitabasamu: njia hii alinifundisha khale mmoja wa Ibra. Kaltham aliirudia sehemu ile. Khale mmoja. Ibra ilikuwa imejaa makhale.

Siku ya harusi, nyumba ya Shukriya, Tahani alifika na masanduku yake meupe na kumwamkia Kaltham shikamoo, akambusu mkono. Alikuwa mzuri. Hakujipaka karibu kitu chochote. Akamkalisha Wijdan mbele ya dirisha, akaanza, na Kaltham akakaa kwenye kiti cha ukutani, mikono mapajani, akitazama vidole vya mtu mwengine vikipita juu ya paji lile, juu ya kope zile. Wijdan alikuwa amefumba macho. Mara moja aliyafumbua, akamtafuta khale yake, akamkonyeza, akayafumba tena. Walikuwa wamepatana, kwa kiasi ambacho watu hupatana kabla ya harusi. Kaltham hakuondoka chumbani hata aliposikia anaitwa chini. Alitafuta kosa. Alitazama nyusi kama zimelingana, mstari wa wanja, mahali shavu linapokutana na sikio, ambapo wapambaji wavivu husahau. Tahani hakusahau.

Baada ya isha bi harusi alipanda kwenye kiti chake cha maua, kijani na dhahabu, na ukumbi ukasimama. Kulikuwa na joto la ajabu. Moshi wa udi ulitanda, wanawake wakicheza, wakijipepea kwa chochote walichoshika. Nyuso pande zote zilikuwa zinayeyuka. Wa Wijdan haukuyeyuka.

"Kapambwa na nani?" mwanamke wa Aija aliyeketi kando alimwuliza Kaltham, bila kumjua.

"Tahani. Wa Nizwa."

"Hata mimi nimemsikia! Na hiyo krimu yake, si ndiyo waliyosema ni wizi? Inafaa bei yake kweli?"

"Inafaa," Kaltham alisema.

"Umeijaribu?"

"Nimeijaribu. Hapa hapa Aija, na moshi wa udi. Nunua."

Mwanamke yule akamwitikia, akatoa simu ili atafute jina. Kaltham akamtamkia herufi kwa herufi, asije akakosea. Kisha akasogeza kiti chake mbele kidogo, mahali taa zilipoangaza vizuri, akaendelea kuitazama pua ya Wijdan, akingoja ing'ae kwa jasho.